Mtakatifu Pakomi na Sisi Tulio Katika Ndoa



Huenda mtashangaa kuona kwamba ukurasa wetu wa ndoa safari hii unazungumzia mmonaki. Mtauliza: mtu ambaye hakuoa, hakulipa karo ya mtoto, wala hakuwa na wakwe wa kuwatembelea, atamfundisha nini mume au mke wa Kebirigo? Swali hilo ni la haki. Someni kwanza, kisha muamue wenyewe.

Kuna ugonjwa ambao sisi makatekista tunakutana nao mara nyingi tunapotembelea jumuiya ndogo ndogo. Si ulevi wala si uzinzi, ingawa hayo nayo yapo. Ni ugonjwa wa kuishi kila mtu peke yake ndani ya nyumba moja. Mume na mke wanalala chini ya bati moja, wanachuma majani chai katika shamba moja, na Jumapili wanaonekana kanisani wote wawili. Lakini hawazungumzi. Mama akipakua chakula anamwambia mtoto, "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." Baba anajibu, "Mwambie mama yako nimekula sokoni." Mtoto wa miaka saba amegeuzwa kuwa posta ya wazazi wake. Ukichunguza chanzo, utasikia ni bonasi ya chai ya mwaka juzi: ililipwa, ikatumika, na mmoja wao hakuambiwa imetumikaje. Fedha zenyewe zimekwisha zamani, ila kinyongo kimebaki.

Nyumba ya namna hiyo haina vita vya kusikika. Majirani wanaisifu kwamba ina amani. Lakini watoto wanajua. Ni kwa ajili ya nyumba kama hizo, na kwa ajili yetu sote ambao siku moja tunaweza kufika huko, kwamba namleta kwenu Mtakatifu Pakomi.

PAKOMI ALIKUWA NANI?

Pakomi alizaliwa karibu mwaka 292 katika Misri ya kusini, upande wa Esna, kando ya mto Nile. Wazazi wake hawakuwa Wakristo. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi alikamatwa kwa nguvu pamoja na vijana wengine ili wapelekwe jeshini. Wakasafirishwa kwa mashua, wakafika mji wa Thebe, mahali panapoitwa Luxor siku hizi, wakafungiwa humo wasije wakatoroka. Walikuwa na njaa na huzuni.

Jioni ile watu wa mji wakaja na chakula na vinywaji, wakawalisha. Pakomi akashangaa. Hawakuwa ndugu zao, wala hawakuwa na deni lao. Alipouliza ni watu gani hao, akaambiwa ni Wakristo, watu wanaomtendea mema kila mtu, hata mgeni, kwa ajili ya Mungu wa mbinguni. Usiku ule alimwomba huyo Mungu ambaye bado hakumjua, akaahidi kwamba akitoka salama atawatumikia watu siku zote za maisha yake. Vita vikaisha, vijana wakaachiliwa. Pakomi akaenda kijiji cha Sheneset, akabatizwa karibu mwaka 313.

Baadaye alikaa miaka kadhaa na mzee mkaapweke aitwaye Palamoni, akajifunza kufunga, kukesha na kusali. Siku zile watu wengi waliotaka kumtafuta Mungu walifuata njia ya Mtakatifu Antoni: kila mtu na pango lake au kibanda chake. Lakini karibu mwaka 320, mahali paitwapo Tabennisi, Pakomi alianza jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alijenga nyumba ili wamonaki waishi pamoja, wenye ukuta mmoja, sala moja, meza moja, kazi iliyogawanywa, na kanuni moja kwa wote. Alipofariki mwaka 346 kwa tauni iliyowaua wengi wa ndugu zake, alikuwa ameacha monasteri tisa za wanaume na mbili za wanawake. Dada yake Maria ndiye aliyeongoza ile ya kwanza ya wanawake. Kanisa linamkumbuka tarehe 9 Mei.

Kanuni yake ilitafsiriwa kwa Kilatini na Mtakatifu Yeronimo mwaka 404, na kutoka Misri desturi ya kuishi pamoja ikaenea mbali, hata ikawafikia watu kama Mtakatifu Benedikto. Wana wa Benedikto ndio waliofungua Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 huko Tanzania, na wengi wetu tumesali kwa vitabu vilivyochapwa na mikono yao. Hata karibu nasi, upande wa Kericho, wamonaki Watrapisti waliishi Lumbwa, Kipkelion, tangu mwaka 1956. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka, watu waliofukuzwa makwao walikimbilia kwao, na wamonaki wenyewe walilazimika kuhamia Uganda mwaka 2008. Kwa hiyo mti aliopanda Pakomi si mgeni kabisa katika nchi yetu.

Sasa tuone mambo manne katika maisha yake yanayotugusa sisi wenye pete vidoleni.

1. IMANI YAKE ILIANZIA KWENYE CHAKULA

Angalieni vizuri jinsi Pakomi alivyoongoka. Hakuongoka kwa mahubiri. Hakusoma kitabu. Alipewa chakula na mtu ambaye hakulazimika kumpa. Ndipo akataka kumjua Mungu wa mtu huyo. Bwana wetu katika Mathayo sura ya 25 anataja kwanza mambo haya haya: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, mfungwa.

Sasa jiulize, baba: mke wako akikutazama unavyomtendea, atataka kumjua Mungu unayemsali? Na wewe mama, je? Wapo wanandoa wenye bidii kubwa kanisani. Mmoja ni mwenyekiti wa jumuiya, mwingine ni mwimbaji. Wanawapelekea wagonjwa sukari na unga. Lakini nyumbani salamu ya asubuhi haipo, na chai humiminwa kama ya kumfukuza mgeni asiyetakiwa. Wakristo wa Thebe waliwalisha watu wasiowajua. Sisi tunashindwa kumlisha kwa moyo mweupe yule tuliyeapa mbele ya altare kumpenda katika raha na taabu!

Ugali na chinsaga vilivyoandaliwa kwa upendo ni katekesimu. Vivyo hivyo kuni zilizopasuliwa na mume kabla hajaombwa. Mtoto anayeona hayo kila siku amekwisha kuanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kabla hajaletwa kwangu.

2. UGOMVI WA UJENZI

Msidhani kwamba watakatifu hawakukosana na watu wa nyumbani. Hapo Tabennisi, Pakomi aliishi kwanza na ndugu yake wa damu, Yohane. Walipendana na kugawana kila kitu. Lakini likaja suala la ujenzi. Pakomi aliamini kwamba Mungu anamwita kupokea watu wengi, kwa hiyo alitaka kupanua nyumba. Yohane alitaka mahali padogo penye utulivu panapowatosha. Maneno makali yakatokea, na hasira ikampanda Pakomi.

Mnaona jinsi jambo hili linavyofanana na yetu? Mume anataka kujenga nyumba ya matofali, mke anataka kwanza karo ya sekondari ilipwe. Mke anataka ng'ombe wa gredi, mume anataka kununua kipande cha shamba cha jirani. Kila mmoja ana sababu zake, na mara nyingi sababu zote mbili ni nzuri.

Je, Pakomi alifanya nini? Usiku ule alijitenga akasali kwa machozi mpaka alfajiri. Na tuangalie alilia kwa sababu gani. Hakulia kwa sababu ndugu yake ni mkaidi. Hakumwomba Mungu ambadilishe Yohane. Alilia kwa sababu ya hasira aliyoiona ndani ya moyo wake mwenyewe.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo ningependa kila mume na mke alishike, hata kama atayasahau mengine yote. Kuhusu ujenzi, Pakomi alikuwa na haki. Mambo ya baadaye yalionyesha, kwa kuwa watu walikuja kwa mamia na nafasi ilihitajika. Lakini kuwa na haki juu ya ujenzi hakukumpa haki ya kumchukia ndugu yake. Haya ni mambo mawili mbalimbali. Sisi tunayachanganya. Tunasema, "Mimi ndiye niliyesema ukweli kuhusu ile bonasi, kwa hiyo nina haki ya kununa." La hasha! Unaweza kushinda katika hesabu za fedha na ukashindwa mbele ya Mungu usiku uo huo.

Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso 4:26, anatuonya tusiliache jua litue tukiwa bado na hasira. Hakusema tusikosane. Alijua kwamba vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Alichokataa ni kulala na ugomvi kama vile ni mto wa kichwa. Basi ukikosana na mwenzako, anza na moyo wako. Muulize Mungu, "Katika jambo hili, la kwangu ni lipi?" Ukiisha kulijua la kwako, nenda ukaliseme. Usingoje mwenzako alitaje la kwake kwanza, maana yeye naye pengine anangoja hivyo hivyo, na miaka inakwisha.

3. MIKEKA 500

Kisa kingine. Pakomi alisafiri kutembelea monasteri zake. Katika mojawapo, mtoto mmoja akamjia na kumlalamikia kwamba kwa muda mrefu hawajapikiwa mboga. Pakomi akamwita mpishi. Mpishi akajieleza: ndugu wengi walikuwa wakifunga, chakula kilichopikwa kikawa hakiliwi, kikaharibika. Kwa hiyo aliona ni afadhali aache kupika, atumie muda huo kusuka mikeka pamoja na wasaidizi wake. Pakomi akauliza, "Mmesuka mingapi?" Mikeka 500! Akaagiza yote iletwe mbele ya ndugu wote, kisha akaichoma moto.

Mtu wa kwetu akisikia hivyo atashtuka. Mali yote hiyo iteketezwe? Sisi ni watu wa bidii, tunaamka mapema, na hatupendi hasara. Lakini Pakomi alikuwa na sababu. Ndugu aliyefunga alikuwa akikiacha chakula kilicho mbele yake kwa hiari yake. Mpishi alipoacha kupika, aliwanyang'anya wenye afya hiari hiyo ya kumtolea Mungu sadaka. Na wagonjwa na watoto aliwanyang'anya chakula walichokihitaji. Yote hayo kwa ajili ya mikeka.

Hebu tujiulize: mikeka yetu ni ipi? Baba anaondoka alfajiri na kurudi usiku, akisema anatafutia familia. Ni kweli anatafuta. Lakini mtoto wake wa darasa la nne hajazungumza naye tangu shule zilipofungwa. Mama ana vikundi vitatu vya akiba, na jioni akifika nyumbani macho yako kwenye simu ya kupokea na kutuma michango. Kazi hizo si dhambi, kama vile kusuka mikeka hakukuwa dhambi. Ubaya ni pale kazi nzuri inapochukua nafasi ya mtu.

Zaidi ya hayo, mpishi yule alikata shauri peke yake. Aliona chakula hakiliwi, hakumwuliza mtu, akafunga jiko. Ndivyo ndoa nyingi zinavyopoa. Mke anasema, "Hata nikimsalimia haitikii vizuri," basi anaacha kumsalimia. Mume anasema, "Hata nikimletea kitu kutoka mjini hashukuru," basi anaacha kuleta. Mmoja anasema, "Nikimkaribia anageuka ukutani," basi anahamia kitanda cha watoto. Taratibu jiko la upendo linafungwa, na hakuna aliyeuliza. Paulo anawaambia wanandoa katika 1 Wakorintho 7:3-5 kwamba wasinyimane, ila kwa kupatana wote wawili na kwa muda tu. Neno kubwa hapo ni kupatana. Endelea kupika. Endelea kusalimu. Siku mwenzako atakapopata njaa ya upendo, akute sufuria iko jikoni.

4. MKUBWA ALIYEFUNDISHWA NA MTOTO, NA BLANKETI ALILOLIKATAA

Siku moja Pakomi, aliyekuwa baba wa wamonaki wote, aliketi kusuka mkeka. Mtoto mmoja akapita, akamwambia kwamba hafanyi sawasawa, maana mwalimu wao amewafundisha namna nyingine. Wengine wangemfukuza mtoto huyo. Pakomi aliinuka, akamwomba amwonyeshe, kisha akaketi akasuka kama alivyofundishwa.

Wababa, hili ni letu hasa. Wengi tumelelewa tukiamini kwamba mwanamume akisahihishwa na mke wake mbele ya watoto amevuliwa heshima. Lakini ni nani kati yetu aliye mkubwa kuliko Pakomi, aliyewaongoza watu kwa maelfu? Mke wako akikuambia, "Baba, hesabu hii ya mbolea haijakaa sawa," hajakupindua. Amekuokoa. Na wewe mama, angalia kwamba mtoto yule alisema kwa upole na akafundisha kazi. Hakutangaza sokoni kwamba baba hajui kusuka.

Hatimaye Pakomi akaugua ile tauni. Mwili ulikuwa umedhoofu, na blanketi lake lilikuwa zito. Akamwomba mwanafunzi wake Theodoro amtafutie jepesi lililochakaa. Theodoro kwa upendo akaleta blanketi zuri kutoka kwa mtunza mali. Pakomi alipoona kwamba ni bora kuliko yale waliyojifunika ndugu wengine wagonjwa, akalikataa. Hakutaka kuwatangulia wenzake hata katika kufa.

Hapo narudi kwenye bonasi. Kichwa cha nyumba si mtu wa kwanza kula nyama choma siku fedha zinapoingia. Ni mtu wa kwanza kuuliza nani hana blanketi. Fedha za chai zimetoka katika mikono ya wawili, mara nyingi mikono ya mama zaidi. Ziwekwe mezani mbele ya wawili. Zihesabiwe na wawili. Mkishindwa kukubaliana, ahirisheni matumizi, msiahirishe mazungumzo.

NENO LA TAHADHARI

Nisieleweke vibaya. Unyenyekevu wa Pakomi si wa kumwambia mwanamke avumilie kipigo kimya kimya, wala wa kumwambia mume avumilie kutishiwa maisha. Pakomi aliomboleza hasira yake mwenyewe; hakumwambia mwingine anyamaze ili yeye aendelee kukasirika. Sheria ya Kanisa, kanuni namba 1153, inakubali kwamba mwenye kuhatarishwa vikali mwilini au rohoni na mwenzake ana sababu halali ya kutengana naye. Kama uko katika hatari, toka kwanza uwe salama, kisha umwone paroko na wazee unaowaamini, na serikali pia. Msalaba wa ndoa upo, lakini rungu la mume si msalaba.

TUFANYE NINI?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Wakristo wote wameitwa kuwa watakatifu, wala si mapadre na watawa peke yao. Ukaiita familia Kanisa la nyumbani. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ikaliona Kanisa zima kuwa Familia ya Mungu. Basi nyumba yako ndiyo Tabennisi yako. Pakomi aliweza kumpenda Mungu akiwa peke yake na Palamoni jangwani, lakini ahadi aliyoitoa kule Thebe ilikuwa ya kuwatumikia watu, na mtu hawezi kuwatumikia watu asioishi nao. Wewe hukuhitaji kujenga monasteri ili umpate mtu wa kumtumikia. Mungu amekupa mmoja, na mnakula meza moja.

Jioni ya leo, watoto wakiisha kulala, zimeni redio na simu, mketi wawili mjadiliane maswali haya:

1. Ni jambo gani ambalo tuliacha kutendeana bila kuulizana? Tulianze tena lini?

2. Katika ugomvi wetu wa mwisho, la kwangu lilikuwa lipi? (Kila mmoja ataje la kwake tu.)

3. Mikeka yetu ni ipi? Kazi gani inawanyang'anya watoto wetu baba na mama?

4. Je, kuna ujumbe wowote tunaoupitisha kwa mtoto badala ya kuambiana wenyewe?

Kama hamjazungumza kwa muda mrefu, msijilazimishe kumaliza yote usiku mmoja. Jibuni swali la nne peke yake, na kesho asubuhi msalimiane kwa kinywa. Hata safari ya Pakomi ilianza na chakula cha jioni moja.

Tusali: Ee Mungu, uliyemwonyesha mtumishi wako Pakomi upendo wako kwa mikono ya watu wenye kulisha wageni, utujalie sisi mume na mke tusiwe wageni katika nyumba yetu wenyewe. Utuonyeshe kosa letu kabla ya kosa la mwenzetu, na utupe nguvu ya kulisema. Uwaponye watoto waliochoka kubeba ujumbe wetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.